Tafiti za elimu na uwajibikaji shuleni na vyuoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wazazi, wajumbe wa kamati za shule, walimu, na wanachuo wanaosomea ualimu. Mifano mingi ni ya Tanzania na Kenya, kwa sababu shule za nchi hizi mbili zimechunguzwa sana tangu miaka ya 1990. Majibu mengine ni marefu kwa kuwa jambo lenyewe lina utata.

Utafiti wa elimu wa vitendo ni upi hasa?

Ni ule unaoanzia kwenye tatizo la darasani au la ofisi ya elimu, na unaotaka kubadili uamuzi wa mtu: mwalimu, afisa elimu, waziri. Tasnifu juu ya historia ya shule za misheni inaweza kuwa kazi nzuri sana, lakini haimwambii mwalimu abadili chochote wiki ijayo. Utafiti wa vitendo huuliza: vitabu vikiongezwa, watoto wa darasa la tatu watasoma vizuri zaidi? Shule zikipangwa kwa nafasi na orodha ikabandikwa, walimu watafanya nini?

Na uwajibikaji je? Si neno la majukwaani tu?

Majukwaani limechakaa, ni kweli. Shuleni maana yake ni finyu: nani anadaiwa maelezo, anadaiwa na nani, juu ya jambo gani, na akikosa maelezo kinafuata nini.

Mtazame mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara. Uendeshaji wa shule yake uko chini ya halmashauri na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Sera, mitaala na uthibiti ubora viko Wizara ya Elimu. Nidhamu na vyeo vya walimu viko Tume ya Utumishi wa Walimu. Mitihani ni ya NECTA, Baraza la Mitihani. Kila mlango una fomu yake na tarehe yake ya mwisho. Kamati ya shule, ambayo ndiyo yenye wazazi, huja mwishoni kabisa, na mara nyingi huitwa pale panapotakiwa michango au saini. Kwa hiyo mtu akisema walimu hawawajibiki, mimi humuuliza: kwa nani? Kwenda juu wanawajibika kwa makaratasi mengi sana. Kwenda chini, kwa mzazi, ndiko kuna pengo.

Kwa nini watafiti wengine huwapima watoto nyumbani badala ya shuleni?

Kwa sababu shuleni utampima aliyekuja. Mtoro wa rejareja hayupo, aliyeacha shule hayupo, na yule ambaye hajawahi kuandikishwa hayumo hata kwenye daftari la mahudhurio.

Mpango wa Uwezo, ulioanza mwaka 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda, uliiga njia ya ASER iliyoanzishwa India na shirika la Pratham mwaka 2005. Watu wa kujitolea walipita kaya kwa kaya na karatasi moja: herufi, maneno, aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, pamoja na hesabu za kiwango hicho hicho. Mtoto wa miaka kumi na tatu alipewa jaribio lile lile la mtoto wa miaka minane. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwamba wapo wengi wanaofika darasa la tano, hata la saba, bila kuweza kusoma hadithi ya darasa la pili. Mitihani ya taifa ilikuwa haionyeshi hivyo, kwa kuwa haikutungwa kwa kazi hiyo.

Mzazi akishaujua ukweli huo, si ataibana shule?

Hilo ndilo lilikuwa tumaini kubwa, na limejaribiwa. Watafiti watatu, Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai, waliwafuatilia wazazi wa vijijini Kenya ambao watoto wao walipimwa na Uwezo, wakaelezwa matokeo na kupewa mapendekezo ya nini cha kufanya. Ripoti yao ya mwaka 2014 haikuona mabadiliko ya maana katika matendo ya wazazi hao, iwe nyumbani au shuleni.

Ukikaa na wazazi utaelewa sababu. Kujua kwamba mwanangu hasomi ni jambo moja. Kuamini kwamba kumfuata mwalimu ni haki yangu, kwamba atanisikiliza, na kwamba mtoto hataandamwa baadaye, ni mambo mengine matatu. Taarifa peke yake haifungui milango hiyo yote. Sisemi kwamba isitolewe.

Fedha zikiongezwa shuleni, watoto watajifunza zaidi?

Jibu bora nililo nalo linatoka Tanzania, kwenye jaribio liitwalo KiuFunza lililofanywa mwaka 2013 na 2014 na shirika la Twaweza pamoja na wachumi kadhaa, akiwamo Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan. Shule 350 za msingi katika wilaya 10 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Shule 70 zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Nyingine 70 hazikupata ruzuku, ila mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio la somo lake, na mwalimu mkuu 1,000. Shule 70 zikapata vyote viwili. Zilizobaki 140 hazikupata chochote, zikawa za kulinganishia.

Ruzuku peke yake haikuongeza kujifunza hata kidogo. Na si kwamba fedha ziliibwa: zilifika, zikanunua vitabu na vifaa. Lakini matumizi mengine ya shule yalipungua na wazazi nao wakapunguza ya kwao, na kile kilichobaki hakikubadili kilichokuwa kikitendeka darasani. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kusuasua: kwenye jaribio lililotumika kuwalipa walimu alama zilipanda, kwenye jaribio lisilohusishwa na malipo dalili hazikuwa imara. Penye vyote viwili watoto walijifunza zaidi, waziwazi, na zaidi ya ukijumlisha matokeo ya ruzuku na ya bonasi.

Kwa maoni yangu huu ndio utafiti ambao kila anayejadili bajeti ya elimu angepaswa kuujua, maana unazipa shida pande zote mbili. Anayesema "leteni fedha tu" amejibiwa. Anayesema "walimu wavivu, wabaneni tu" amejibiwa pia: mwalimu asiye na kitabu wala chaki ukimbana utamwongezea hasira, huwezi kumwongezea uwezo.

Kwa hiyo walimu walipwe kwa matokeo?

Taratibu. Miaka ya nyuma, magharibi mwa Kenya, Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer walichunguza zawadi walizopewa walimu kwa kuangalia alama za shule. Alama zilipanda kwenye mitihani iliyohusishwa na zawadi. Mahudhurio ya walimu hayakubadilika. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuwaandaa watoto kwa mtihani, na zawadi zilipokoma faida ikayeyuka.

KiuFunza iliendelea kwa awamu ya pili iliyolinganisha namna mbili za kukokotoa bonasi. Moja ilikuwa ya kitaalamu sana: kila mtoto analinganishwa na wenzake walioanza mwaka wakiwa sawa naye. Nyingine ilikuwa nyepesi: mtoto akivuka ngazi fulani ya ujuzi, mwalimu analipwa. Wachumi wengi wangeichagua ya kwanza. Ile nyepesi ilifanya kazi sawa, na kwa baadhi ya vipimo vizuri zaidi. Mwalimu anajituma kwa kigezo anachokielewa.

Orodha za shule bora na shule za mwisho zinasaidia?

Hapa inabidi turudi Tanzania mwaka 2013. Februari mwaka huo matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitoka, na takribani asilimia 60 ya watahiniwa walipata divisheni sifuri, yaani walifeli. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume, na mwezi Mei matokeo yakafutwa, yakapangwa upya. Mwaka huo huo ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ambao pamoja na mengine ulipanga shule zote za msingi kwa nafasi kitaifa na kiwilaya kufuatana na mtihani wa darasa la saba, tena kwa rangi: kijani, njano, nyekundu.

Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walifuatilia kilichotokea. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao, yaani katika asilimia 20 za chini, ziliongeza ufaulu. Kilichowasukuma ni nafasi ya wilayani: afisa elimu wa wilaya anakujua kwa jina, na kikao kinachofuata mtakaa meza moja. Ungeishia hapo ungesema mpango umefaulu. Lakini watafiti walihesabu pia waliokalia madawati ya mtihani, wakakuta shule hizo zimepoteza watahiniwa zaidi ya wawili kwa shule, kwa wastani. Watoto waliodhaniwa watafeli hawakufika kwenye chumba cha mtihani.

Wawili ni wengi? Zidisha kwa idadi ya shule za mkiani nchi nzima. Kisha jiulize mtoto aliyeambiwa akariri darasa la sita, au ambaye hakuna aliyemfuata alipoacha, yuko wapi leo. Mwalimu wake mkuu hakuvunja amri yoyote. Alipimwa kwa asilimia, na asilimia hupanda kwa njia mbili.

Ndiyo maana orodha hizo zilisitishwa?

Kenya, Waziri wa Elimu Jacob Kaimenyi alizuia kupanga shule na watahiniwa kwa nafasi mwaka 2014. Sheria na mjadala vimeyumba huku na huko tangu hapo, na magazeti hayakuacha kutafuta namna ya kuzipanga. Tanzania, Januari 2023, NECTA walipotoa matokeo ya kidato cha nne walieleza kwamba hawatangazi tena shule kumi bora wala wanafunzi bora. Matokeo ya kila shule yanaendelea kuwekwa hadharani, hivyo mwenye kompyuta anaweza kutengeneza orodha yake jioni ile ile, na wenye shule binafsi hutengeneza.

Mimi nisingefuta ulinganishaji wote. Ningebadili kinacholinganishwa: walioanza darasa la kwanza miaka saba nyuma ni wangapi, waliofanya mtihani ni wangapi, na waliofaulu ni wangapi kati ya wale walioanza. Shule inayochuja wanafunzi isingeng'ara kirahisi namna ile.

Ufaulu ukipanda kutoka asilimia 31 hadi 70, si maendeleo?

Hizo ni takwimu za kweli za mtihani wa darasa la saba Tanzania, mwaka 2012 na 2016, kwa kukadiria. Huenda sehemu yake ni maendeleo. Lakini mwaka 2012 ndio watahiniwa walipoanza kusiliba majibu kwa penseli kwenye fomu maalumu zinazosomwa na mashine, na mwaka wa kwanza wa mfumo mpya hauwezi kuwa kipimo kizuri cha kuanzia. Sekondari nako, divisheni ziliondolewa ikaja GPA, yaani wastani wa pointi za alama, mwaka 2014, na mapema 2016 divisheni zikarudishwa. Ukibadilisha rula katikati ya kupima huwezi kusema kama mti umekua. Ndiyo maana vipimo visivyobadilika mwaka hadi mwaka, hata vikiwa vidogo kama vya Uwezo, vina thamani ambayo mitihani ya taifa haina.

Ni kweli walimu hawaingii darasani?

Uchunguzi wa Benki ya Dunia katika nchi saba za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania na Uganda, ulifanywa kwa kutembelea shule bila taarifa. Ulikuta watoto wanapata takribani nusu tu ya muda wa kufundishwa uliopangwa kwenye ratiba. Soma kwa makini lakini: kukosekana darasani si sawa na kukosekana shuleni. Wengi walikuwa pale pale shuleni, ofisini au chini ya mwembe. Baadhi wanakwepa kazi, sitawatetea. Wengine wanajaza zile fomu za milango minne niliyoitaja, au wamekabidhiwa ujenzi wa choo. Kwa hiyo daftari la mahudhurio la walimu halitakuambia lolote. Pita madarasani saa nne asubuhi.

Mradi ukifaulu kwenye shule mia moja, utafaulu nchi nzima?

Si lazima, na mfano mzuri ni walimu wa mkataba Kenya. Majaribio ya awali magharibi mwa nchi yalionyesha wanafunzi wao wanajifunza zaidi. Baadaye timu ya Tessa Bold, ikiwa na Mwangi Kimenyi na Germano Mwabu, ikajaribu mpango huo mikoa yote. Shule nyingine zilisimamiwa na shirika lisilo la kiserikali, nyingine na serikali yenyewe. Chini ya shirika, alama zilipanda. Chini ya serikali, hakuna kilichobadilika, ingawa kazi na mkataba vilikuwa vile vile. Mishahara ilichelewa, ufuatiliaji ulikuwa hafifu, na chama cha walimu kilikuwa kimeupinga mpango.

Mwenzake aliyefanikiwa kusambaa ni Tusome, mpango wa kufundisha kusoma ulioanza Kenya mwaka 2015. Kila mtoto kitabu chake, mwalimu mwongozo wa somo, na maafisa wa kusaidia mitaala wakawa wanaingia madarasani na vishikwambi, wanasikiliza watoto wachache wakisoma, wanazungumza na mwalimu papo hapo. Ona tofauti na ukaguzi wa zamani: afisa haji kutafuta kosa la kuandika. Na vitabu vyenyewe vilikuwa vya kiwango cha mtoto. Miaka ya 1990 huko Busia vitabu vya Kiingereza viligawiwa, na vikawafaa wale tu waliokuwa mbele tayari. Wengine hawakuweza kuvisoma.

Mimi ni mwalimu wa kawaida. Naweza kufanya utafiti?

Unaweza, na chuoni ulifundishwa jina lake: utafiti tendaji. Chagua jambo moja dogo, kwa mfano watoto kumi na wawili wa darasa la pili wasiounganisha silabi. Wapime, andika. Badili kitu kimoja kwa wiki sita. Wapime tena kwa karatasi ile ile. Usibadili vitu vitatu kwa pamoja, maana hutajua kipi kimesaidia. Usihesabu wastani tu; andika jina la kila mtoto aliyekwama, kwenye daftari lako. Mwoneshe mwenzako wa darasa la tatu, kwani ndiye atakayewapokea.

Vyuo vikuu navyo huwajibika kwa nani?

Tanzania kuna Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanza mwaka 2005. Kenya kuna Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Kazi zao kubwa ni ithibati ya vyuo na programu, na vigezo vya udahili. Meno wanayo: TCU imewahi kuzuia vyuo kudahili wanafunzi wapya mpaka virekebishe kasoro.

Ndani ya chuo kuna mtahini wa nje, na kuna ile fomu ya wanafunzi ya kumtathmini mhadhiri mwisho wa muhula. Swali la kuuliza kuhusu fomu hiyo ni moja: baada ya kujazwa inakwenda wapi? Mahali pengi hakuna mwanafunzi aliyewahi kuona matokeo yake.

Kisha kuna machapisho. Mhadhiri hupanda cheo kwa kuhesabiwa makala, na tangu kuhesabu kuanze kushika kasi, majarida yanayochapisha chochote kwa malipo yamepata soko. Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado, aliyaorodhesha kwa miaka kadhaa hadi alipoiondoa orodha yake mwaka 2017. Mwanasaikolojia Donald Campbell alieleza tatizo hili katika miaka ya 1970: kadiri kipimo kinavyotumika kutoa maamuzi, ndivyo kinavyovutia udanganyifu. Inachekesha kidogo kwamba watu wanaotuandikia kuhusu shule zinazochezea asilimia za ufaulu wanapimwa wao wenyewe kwa namna ile ile.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Niulize nini kikaoni?

Anza na fedha, kwa kuwa zina karatasi: ruzuku iliyoingia kwenye akaunti mwaka huu ni kiasi gani, iliingia miezi ipi, na taarifa ya mapato na matumizi imebandikwa wapi? Omba kuona kwa macho. Halafu uliza watoto wangapi wa darasa la tatu wanasoma hadithi fupi bila kusaidiwa, na usikubali kujibiwa kwa matokeo ya darasa la saba. Uliza waliokuwa darasa la sita mwaka jana na hawamo la saba mwaka huu ni akina nani. Hili la mwisho huwa linanyamazisha ukumbi, basi uliulize kwa heshima, si kwa kumkomoa mwalimu mkuu. Mara nyingi yeye mwenyewe ana orodha na hajapata wa kumsaidia kuwafuata.

Mtafiti akija shuleni kwetu, tumdai nini?

Kibali kwanza. Kwa Tanzania ni cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, au barua ya chuo kikuu chake, ikifuatiwa na barua za mkoa na halmashauri. Kenya ni cha NACOSTI, tume ya huko ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Watoto wakihojiwa au kupimwa, wazazi waombwe ridhaa, na majina yasizagae: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019.

Kisha mdai majibu. Watafiti wengi huchukua dodoso zao wakaondoka, shule isisikie tena habari zao. Mwambieni kabla hajaanza kwamba mnataka kurasa mbili za Kiswahili zinazosema alichokikuta, na aandike kwenye kitabu cha wageni mwezi atakaozileta.